Namna Mama Anavyokaa

Jamani, kuna kazi na kazi, na kazi ya Kitinda ilikuwa kukalisha gauni. Si kulishona, maana hata kifungo cha shati kilikuwa kinamshinda. Si kulifua wala kulipiga pasi. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya filamu za katuni, zile ambazo watu wake wote wanazaliwa ndani ya kompyuta, na yeye alikabidhiwa nguo zao. Mtu wa katuni akitembea, sketi imfuate. Akilala, shuka limkae. Akiketi, gauni lishuke, lijikunje panapostahili, litulie, na wewe unayetazama useme naam, hii ni pamba, si bati. Nguo ikikaa vizuri hakuna anayejua kama kuna mtu aliyeikalisha. Ikikaa vibaya ndipo anapokumbukwa, tena kwa maneno ya kuudhi.

Kazini walimwita Mshonaji, kwa utani tu. Kwao aliitwa Kitinda kwa sababu alizaliwa wa mwisho, na jina hilo lilimganda mpaka mvi za kwanza zikaanza kumchungulia. Naye alikuwa amechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Huu ulikuwa uchovu wa kuamka nao, ukapanda nao ngazi za ofisini kwa sababu lifti ilikuwa imekufa siku nyingi, ukakaa nao mbele ya skrini, na jioni ukateremka nao ngazi zilezile. Macho yalimuwasha. Mgongo ulikuwa umeshasahau kunyooka. Chai yake ilipoa kila siku, na kila siku aliinywa hivyo hivyo kwa sababu kwenda kuchemsha nyingine ilikuwa safari.

Basi akiwa katika hali hiyo, kaka yake mkubwa akampigia simu.

"Kitinda, Mama umemuona?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimekuuliza, Mama umemuona? Jirani yake kanipigia. Anasema siku hizi Mama chai inamwagika kabla haijafika mdomoni, na ukimuuliza anakufokea. Mimi niko mbali huku, wewe ndiye uko naye mji mmoja. Isije ikawa anaumwa na anatuficha. Si unamjua alivyo?"

Kumjua walimjua. Mama yao alikuwa mwalimu mstaafu, na mtaa mzima ulikuwa bado unamwita Mwalimu. Darasani kwake hakuna mtoto aliyethubutu kukaa amepinda. Na kuumwa hakukuwamo katika maneno yake. Akiumwa jino alisema hana njaa. Akiumwa miguu alisema nje kuna jua kali. Miaka ile alipofanyiwa upasuaji, watoto walipata habari ameshatoka hospitali, tena kwa sababu aliomba aletewe ndala.

"Kaka, Mama ni mzima," Kitinda alisema. "Mimi namtazama kila siku. Namtazama kuliko wewe, kuliko hata huyo jirani mwenye umbea wake. Hapa ninapoongea na wewe yuko mbele yangu."

"Yuko hapo ofisini?"

"Yuko kwenye skrini. Nina video yake. Nimeshamtazama akikaa kwenye kiti mpaka namwota."

Kaka alishusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyeshindwa kwa maneno lakini hajaridhika. "Haya. Kama wewe unamtazama, basi. Mimi nakutegemea wewe."

Na Kitinda hakudanganya, maskini. Video ilikuwepo. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa na bibi mmoja anayeletewa habari ya msiba. Bibi halii wala hasemi kitu. Anakwenda kwenye kiti, anageuka, anakaa, na gauni lake refu linashuka juu ya magoti. Basi, ndio tukio lenyewe. Mwongozaji wa filamu, ambaye aliishi mji mwingine na kuwasumbua kwa njia ya mtandao, alikuwa amesema hivi: "Sitaki machozi. Nataka nimuone amechoka kwa jinsi gauni linavyokaa." Rahisi sana kusema.

Kitinda aliona ni bora amtafute mtu mzima wa kweli, amrekodi akikaa, ili kompyuta ipate mfano. Akamwomba mama yake, akiwa na uhakika atakataliwa. Mama hakupenda picha hata siku moja. Katika picha zote za ukoo alikuwa ametazama pembeni. Lakini safari hii alikubali palepale, bila hata kuuliza ni za nini. Kitinda alishangaa kidogo, halafu akashukuru, halafu akasahau kushangaa.

Wakaenda yeye na kijana mwenzake wa kazini waliyemwita Mifupa. Huyu Mifupa kazi yake ilikuwa mwili: yeye ndiye aliyewatengenezea watu wa katuni mifupa na viungo, ili wainuke na kuinama kama binadamu, kisha Kitinda aivalishe miili hiyo nguo. Mifupa akafunga kamera mbili juu ya vyuma vizito, akamvalisha Mwalimu suruali na fulana ya michezo ya zamani ya kaka, akambandika vibandiko vyeupe kwenye magoti, nyonga, viwiko na viganja. Kimoja akakibandika kwenye mguu wa kiti, cha kupimia.

"Leo mmenifanya mchezaji wa akiba," Mama alisema, na Mifupa akacheka mpaka akaangusha kofia yake.

Alikaa, akainuka, akakaa. Kisha akavaa gauni lake la pamba, akakaa tena na kuinuka tena, gauni nalo lirekodiwe. Walipomwambia inatosha, aliuliza, "Mmeona vizuri? Au nikae tena?" Kitinda alikuwa amekwisha kuanza kuzikunja nyaya. Alikuwa anafikiria foleni ya barabarani.

"Tumeona, mama. Inatosha kabisa."

Sasa nikueleze nguo ya kwenye kompyuta ilivyo, ili usimwone Kitinda mvivu. Si nguo. Ni wavu wa nukta, maelfu kwa maelfu, na kila nukta imefungwa kwa wenzake kwa springi ndogo zisizoonekana. Unaziambia uzito wake. Unaziambia zivutike kiasi gani, zipinde kiasi gani, ziteleze au zing'ang'anie. Unaziambia mwili huu hapa, msiupenye. Halafu unabonyeza na kungoja kompyuta ipige hesabu ya kila nukta, huku feni yake ikivuma na wewe umeshika tama. Na ukikosea kidogo tu, loo! Siku moja gauni la bibi lilivimba, likapaa, likakwama kwenye dari. Siku nyingine lilimpenya mapaja likaanguka chini lote, bibi wa watu akabaki amekaa bila nguo, na bosi ndipo alipochagua kuingia na wageni. Kitinda alifunika skrini kwa kipande cha karatasi, uso umemwiva kwa aibu.

Lakini kabla ya nguo kuna mwili, na mwili ule ulitoka kwa Mama. Vile vibandiko kompyuta ilivifuata, ikajua goti limepita wapi na kiganja kimepita wapi, ikampa bibi wa katuni mwendo uleule. Mwendo kama huo haukosi uchafu. Kompyuta inakosea, kibandiko kinaonekana kimeruka wakati hakikuruka, na mwili unatoka una vitetemeko vya ajabu ajabu. Kwa hiyo jambo la kwanza wanalofanya watu wa kazi hii ni kuulainisha mwendo, kama unavyouosha mchele kabla ya kuupika. Hufikirii, unaosha tu. Kuna kidude cha kusukuma kwa kipanya: ukikipeleka mbele, vitetemeko vinafutika.

Mwendo wa Mama ulikuja na vitetemeko vingi kupita kawaida. Kitinda alisonya. "Kamera zenu hizi zimechoka kama mimi," alimwambia Mifupa, ambaye alikuwa na vipokea sauti masikioni na hakusikia. Akakisukuma kidude mbele. Vikabaki. Akakisukuma mpaka mwisho kabisa. Mwili ukatulia, laini, safi. Akauhifadhi hivyo, akaanza nguo, na mwili hakuugusa tena.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Alituma tukio kwa mara ya kwanza, likarudi. "Ni zuri," mwongozaji alisema, "lakini limekufa." Akapunguza uzito wa kitambaa. Likarudi. "Bado limekufa. Yaani nikilitazama naona turubai limefunikwa juu ya meza." Akaongeza mikunjo kiunoni. Akatia upepo wa uongo dirishani. Akabadilisha pamba ikawa hariri, hariri ikawa pamba nzito, pamba nzito ikarudi pamba ya mwanzo. Kila mara jibu ni lilelile, limekufa, limekufa, mpaka Kitinda akawa anajisikia anaendesha chumba cha maiti.

Na la kumuudhi zaidi ni kwamba gauni la kweli, lile la kwenye video, halikuwa limekufa hata kidogo. Alilifungua upande mmoja wa skrini na lake upande wa pili, akalinganisha. La Mama lilishuka, likasita, likaendelea kujivutavuta gotini hata baada ya Mama kukaa, kisha likajilaza polepole. Lake lilishuka likakaa. Basi. Alihesabu mikunjo, akatazama pindo, akatazama kivuli cha pindo. Kitambaa alikitazama mpaka akakijua uzi kwa uzi. Aliyekivaa hakumtazama, kwa kuwa huyo alikuwa anamjua tangu kuzaliwa.

Kwenda kumsalimia kulikuwa kumekufa pia. Zamani alikwenda kila wiki. Sasa alisema nitakuja Jumamosi, Jumamosi ikafika akalala mchana kutwa na nguo zake, akaamka kichwa kizito, akapiga simu badala ya kwenda.

"Shikamoo, mama. Umekula nini leo?"

"Marahaba. Nimekula mkate na yai."

"Afya?"

"Nipo, mwanangu. Na wewe kazi? Ile ya kunitazama mimi?"

"Bado inanitesa, mama. Nakutazama kila siku lakini haikai sawa."

"Kila siku," Mama alisema. "Haya. Endelea kutazama." Na simu ikakatika, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kuaga mara mbili.

Mwishowe bosi aliingia ofisini akasimama nyuma ya kiti cha Kitinda, jambo ambalo kila mtu alilijua maana yake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kusema mambo mazito kwa sauti ya kuulizia chumvi.

"Mshonaji, mwongozaji ameniambia kama tukio hili halitakaa sawa, atalipeleka kwa watu wengine. Mimi nimemwambia tunalo. Tunalo?"

"Tunalo," Kitinda alisema, na moyoni akasema tunalo wapi.

Bosi alipotoka, Kitinda alilaza kichwa juu ya meza. Mifupa akamwonea huruma, akavuta kiti chake cha magurudumu mpaka kwake.

"Dada, hebu nikuulize. Nguo umeigeuza kila namna. Mwili je? Umeulainisha kiasi gani?"

"Kawaida tu."

Mifupa akafungua mwenyewe. Akatazama kile kidude kilipo, akamtazama Kitinda, akakitazama tena. "Ala! Kawaida hii? Umemuua mtu kabisa! Hapa hajabaki mtu, limebaki gogo linashuka kwenye kiti. Gauni lifuate nini?"

"Si kamera zako zilikuwa zinatikisika?"

"Kamera zangu?" Sasa Mifupa aliudhika kwelikweli. "Mgusie mtu mama yake lakini usiguse kamera zake! Zile nilizifunga mimi kwenye vyuma, hata ukizipiga teke hazitikisiki. Ondoa hiki kitu. Rudisha mwendo ulivyokuja, halafu tuone."

Kitinda hakuwa na nguvu za kubishana. Akakirudisha kidude nyuma mpaka mwanzo. Akachagua ile pamba ya kwanza kabisa, bila upepo, bila madoido. Akabonyeza. Feni ikavuma. Wakakaa wanangoja, Mifupa anakula karanga, Kitinda anatazama ukuta.

Kisha bibi akatokea, akaenda kwenye kiti, akageuka, akakaa.

Na gauni likawa hai. Pindo lilitetemeka kidogo wakati anashuka. Mikunjo ilidondoka mmoja baada ya mwingine, si yote kwa pamoja, na juu ya goti la kulia kitambaa kiliendelea kujivutavuta kama hakijapata pa kulala, mpaka mkono wa kushoto ukaja juu yake ukakituliza. Mifupa aliacha kutafuna. Wengine wakasogea. Bosi akaitwa, bosi akamwita mwongozaji kwenye mtandao, na mwongozaji, mtu yule yule wa limekufa limekufa, alitazama mara tatu.

"Hiyo ndiyo," alisema hatimaye. "Uchovu wenyewe ndio huo. Mmetoa wapi hicho kitetemeko? Msikiguse. Yeyote atakayekigusa nitagombana naye."

Watu wakapiga makofi. Bosi akampiga Kitinda begani, akatangaza soda kwa wote. Mifupa akainua mikono yote miwili juu kwa niaba ya kamera zake. Kitinda alitabasamu kwa sababu mtu akipigiwa makofi hutabasamu. Lakini macho yake hayakutoka kwenye goti la kulia.

"Mbona upande mmoja tu?" aliuliza, na hakuna aliyemsikia.

Akafungua video ya kwanza, ile ghafi. Akaisogeza polepole. Kile kibandiko cha mguu wa kiti kilikuwa kimetulia tuli. Kamera ikitikisika, kila kitu kwenye picha kinatikisika, kiti na ukuta na mtu. Kiti kilitulia. Ukuta ulitulia. Goti la kushoto la Mama lilitulia. Kiganja cha kulia cha Mama kilikuwa kinatetemeka, taratibu, kwa mpigo mmoja usiobadilika, na kilianza hata kabla hajakaa, kikalitikisa goti la kulia, na goti likalitikisa gauni. Halafu mkono wa kushoto ukakishika kwa nguvu, ukakibana. Akafungua ya pili. Hivyo hivyo. Akafungua ya gauni. Hivyo hivyo, na alikuwa ameshaitazama hiyo mara zisizo na idadi.

Alihisi aibu, wala si ile ya siku ya wageni. Alimwambia kaka yake Mama ni mzima. Alimwambia kwa ukali, tena akimsema jirani wa watu kwa umbea, huku mwenyewe ndiye aliyeuchukua ugonjwa wa mama yake kwa kipanya akaufuta.

Akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?" bosi aliuliza, soda mkononi. "Si tunakusherehekea wewe?"

"Nakwenda kwa mama."

"Mwambie tunamshukuru sana!"

Kitinda alishuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta.

Mama alifungua mlango akamtazama juu mpaka chini. "Kitinda! Leo si Jumamosi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Basi ingia, usisimame mlangoni kama mkusanya kodi."

Nyumba ilikuwa safi kama kawaida yake, ila Kitinda sasa aliona ambayo hakuwa ameyaona. Vikombe vya udongo havikuwepo rafuni. Vilikuwepo vya plastiki. Gauni la Mama lilikuwa la zipu badala ya vifungo. Na mkono wa kulia wa Mama ulikuwa mfukoni, mtu anayetembea nyumbani kwake mwenyewe mkono mfukoni. Wakaketi mezani, wanatazamana.

"Nikuwekee chai," Mama alisema bila kuinuka.

"Sitaki chai. Mama, toa mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia, mama."

Kisha Mama akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza kati yao, ukaanza.

"Umeanza lini?" Kitinda aliuliza.

"Kabla ya kamera zako."

"Na hukusema."

Mama alicheka, cheko fupi la puani. "Mimi ni mtu wa kuvaa suruali ya michezo mbele ya kijana wa watu? Mimi? Hukujiuliza? Nilikuwa nimeshindwa kukwambia, mwanangu. Kila ukija nafungua mdomo, linatoka la bei ya sukari. Uliponiambia mtakuja na mashine, mtanitazama goti, mtanitazama kiganja, nikasema alhamdulillahi, hapo ataona tu, ataniuliza, nami nitajibu. Kujibu ningeweza. Kuanza ndiko kulikonishinda. Nikakaa, nikainuka, nikakaa. Nikawauliza, mmeona vizuri? Ukaniambia mmeona."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nisipomaliza leo sitamaliza. Nikangoja simu. Ukapiga, ukaniuliza nimekula nini. Nikangoja tena. Ukaniambia unanitazama kila siku. Kila siku! Basi nikajua umeona na umeamua kunyamaza. Sikukukasirikia. Nikasema huyu mtoto amechoka, ana yake, hili langu haliwezi, nisimlazimishe."

Kitinda alilia. Alilia kama mtoto mdogo, pua na macho, bila kujifunika.

"Sikuona, mama. Wallahi sikuona. Kompyuta ilinionyesha kitu kinatetemeka nikadhani ni makosa ya kamera. Nikakifuta. Ndivyo tunavyofanya, tunafuta, halafu tunaendelea na kazi. Nimekuwa nikikutazama siku zote hizi bila mkono wako."

Mama hakumbembeleza. Alikuwa anafikiri, kipaji cha uso kimekunjamana, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Umeufuta vipi?"

"Kwa kompyuta tu. Unasukuma kitu, unatulia."

"Kwa hiyo humo ndani kuna mimi nisiyetetemeka?"

"Yupo. Ila mwongozaji alimkataa. Alisema amekufa."

"Na anayetetemeka?"

"Huyo wamempenda. Wamempigia makofi."

"Watu wana mambo," Mama alisema. Halafu akasogeza kiti chake karibu. "Nionyeshe yule waliyemkataa."

Kitinda alifuta pua, akatoa simu. Alikuwa na matukio mengi humo, yote yaliyorudishwa, akafungua moja bila kuchagua. Kwenye kioo alitokea mwanamke wa rangi ya kijivu, hana sura bado, ana gauni tu. Akaja kwenye kiti. Akageuka. Akakaa, mgongo wima, mikono ikashuka magotini ikakaa hapo, na gauni likashuka likakaa nayo. Hakuna kilichotikisika.

Mama alinyoosha mkono aishike simu mwenyewe. Simu ikaanza kuruka mkononi mwake, picha ikawa haionekani. Kitinda akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha mama yake, akaushikilia mkono na simu pamoja, na picha ikatulia.

"Ndivyo nilivyokuwa nakaa," Mama alisema, sauti imeshuka. "Nikikaa hivi, darasa zima linanyamaza."

"Nakumbuka, mama. Kesho asubuhi nakupeleka kwa daktari. Nitampigia kaka usiku nimwambie nilimdanganya."

"Kesho nitakwenda. Sitabisha." Hakuondoa macho kwenye kioo, ambako mwanamke wa kijivu alikuwa amefika mwisho na kusimama. "Leo nirudishie mwanzo, nimtazame tena."